Ndoa ya kupangwa, barua za mapenzi: Victoria na Albert walipendana kweli?

Wadau, kila tukigusa ndoa za kupangwa huibuka hoja hii: mapenzi yaliyoandaliwa na wazee ni maigizo, na barua za wachumba wa namna hiyo ni za kutimiza wajibu tu. Mimi siikubali. Ushahidi wangu ni barua za Malkia Victoria wa Uingereza na Albert wa Saxe-Coburg na Gotha, walizoandikiana kabla ya harusi yao ya tarehe 10 Februari 1840.

Kwamba walipangiwa, hilo halina ubishi. Walikuwa binamu, na mshenga alikuwa Leopold, Mfalme wa Wabelgiji, mjomba wa Victoria na baba mdogo wa Albert. Lakini binti hakuburuzwa. Julai 1839, akiwa tayari malkia, alimwandikia Leopold kwamba hakuna ahadi aliyoitoa na huenda asiolewe kwa miaka miwili mitatu. Oktoba Albert akafika Windsor, kasri la malkia, na baada ya siku tano Victoria akaposa mwenyewe, kwa sababu hakuna mwanamume ambaye angeweza kumposa malkia.

Kinachonishawishi si maneno matamu, bali ugomvi uliomo. Albert alitaka achague mwenyewe katibu wake. Victoria akamletea George Anson, mtu wa Waziri Mkuu Melbourne. Albert akaandika kwa uchungu: anaacha nyumbani na marafiki wote, anakwenda nchi ambayo kila kitu ni kigeni, hana wa kumwamini ila Victoria, hata watu wawili watatu wa kumtunzia mambo yake asichague? Akakataliwa. Akaomba fungate ndefu kidogo Windsor. Jibu la Januari 1840: mpenzi wangu, unasahau kwamba mimi ndiye mtawala, Bunge linakaa, siku mbili tatu zinatosha.

Mtu anayeandika kwa kutimiza wajibu hafungui moyo hivyo, wala hajibiwi hivyo. Hawa walikuwa wanaambiana ukweli.

Wanaonipinga wana hoja moja nzito, na siwezi kuiruka. Sisi huwa tunauliza kama binti aliulizwa. Hapa wa kuulizwa alikuwa kijana: mtoto wa pili wa mtawala wa nchi ndogo, asiye na mali nyingi, ambaye jamaa zake walimwandalia ndoa hii tangu utotoni. Angesema hapana, angekwenda wapi? Alilalamika mara mbili, akashindwa mara mbili.

Bado nasema aliridhia, tena alipenda. Anson huyo aliyesukumiwa alikuja kuwa msiri wake, na Victoria alivaa nguo za msiba kwa karibu miaka 40 baada ya Albert kufariki 1861. Lakini yaliyotokea baada ya harusi hayathibitishi kwamba kabla yake alikuwa huru. Kwenu ninyi mliooa au kuolewa kwa kuchaguliwa na wazee: mchumba anayeweza kulalamika lakini hawezi kukataa, mnamhesabu ameridhia?