Kumjua mtu mmoja transjenda ni ushahidi au ni upendeleo tu?

mfunga_hesabu:
Wakuu, habari. Kazini napakana meza na dada mmoja transjenda. Mwisho wa mwezi tunafunga hesabu pamoja, na stakabadhi isiyo na sahihi haipiti kwake hata ubembeleze. Juzi tulikwenda benki, karani akaanza kumhoji kwa sauti mbele ya foleni nzima kwa sababu jina la kwenye kitambulisho ni la kiume. Aliyajibu maswali yote kwa utulivu; mimi ndiye niliyekuwa natetemeka. Tangu hapo, suala la vitambulisho kwangu halina mjadala: wabadilishiwe. Lakini kwenye michezo, yaani wanawake transjenda kushindana na wanawake wengine, bado sijashawishika, na mshkaji wangu anadai hata hilo la vitambulisho ni huruma tu imenipofusha. Mnaonaje?

Mama_Pacha:
Huruma gani? Umeona shida inavyomkuta mtu, basi umepata habari usiyokuwa nayo. Michezo ni kesi nyingine kabisa. Mwaka 2023 World Athletics, shirikisho la riadha duniani, iliwazuia wanawake transjenda waliopitia balehe ya kiume kushiriki mashindano ya kimataifa ya wanawake. Ukubali uamuzi ule au uukatae, hoja zake ni za mwili na ushindani wa haki. Uchapakazi wa huyo dada hauingii humo.

kijana_wa_takwimu:
Mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika kuhusu hili mwaka 1954: watu wakikutana kwa hadhi sawa na kushirikiana kwa lengo moja, chuki hupungua. Nyie mnafunga hesabu, masharti yametimia. Ila kuna utafiti wa David Broockman na Joshua Kalla, uliotoka 2016, ambao naupenda zaidi. Kule Miami, Marekani, watu walipita nyumba kwa nyumba kuzungumza na wapiga kura kama dakika 10 hivi, wakiwaomba wakumbuke walipowahi kuhukumiwa kwa kuwa tofauti. Chuki dhidi ya transjenda ilipungua, na baada ya miezi 3 badiliko lilikuwa bado lipo. Sasa sikia hii: wagonga hodi wasio transjenda nao walifanikiwa. Kwa hiyo si lazima umjue mtu mwenyewe. Huyo mshkaji wako hajachelewa.

yule_mmoja:
Mimi ndiye transjenda pekee ofisini kwetu, na niwaambie ukweli, inachosha. Nikikosea barua pepe moja, naona macho yanavyogeuka, kana kwamba wote tumekosea. Ndugu mleta mada, mwenzako umemkubali kwa kuwa ni makini na mtulivu. Je, angekuwa mvivu na mdomo mchafu? Pale benki angestahili kuhojiwa mbele ya foleni? Msimamo wako upime kwa huyo, usiupime kwa rafiki yako. Na kwenye michezo usitutegemee tuwe na jibu moja, maana wenyewe tunabishana usiku kucha. Mimi huwa nawaacha wabishane, riadha yenyewe siangalii.