Loango, Gabon: twende mwezi gani?

Swali: Habari zenu wanajamvi. Mimi na mwenzangu tunakusudia kuzuru Hifadhi ya Taifa ya Loango, ambako msitu wa mvua unafika hadi Bahari ya Atlantiki, na tungependa kuona tembo wakitembea ufukweni. Je, mwezi upi unafaa zaidi?

Jibu 1: Nendeni wakati wa mvua, kati ya Novemba na Machi, kwani ndipo tembo na nyati hutoka mara nyingi hadi mchangani, na usiku kasa wakubwa wasio na gamba gumu hupanda kutaga mayai. Nyangumi wenye nundu hupita katika kiangazi, Julai hadi Septemba, hivyo ni vigumu kupata vyote katika safari moja. Mimi ningechagua tembo.

Jibu 2: Naunga mkono. Tembo huyo wa msituni, mwenye masikio ya mviringo na pembe zilizonyooka kuelekea chini, ni mdogo kuliko wa Serengeti, lakini si mpole, na katika kichaka kinene mnaweza kumkaribia bila kumwona. Mfuateni mwongozaji.

Jibu 3: Mkitaka pia kuwaona gorila, mtavaa barakoa, na mwenye mafua haruhusiwi kuwakaribia. Kifaransa kidogo kitawafaa sana.