RV au hoteli? Safari ya Dallas hadi Grand Canyon, watu wa familia

Mzigua_Dallas
Wakuu, habari za jioni. Mwezi wa saba nataka kuipeleka familia Grand Canyon kwa barabara. Rafiki yangu kazini amenishikilia nikodi RV, lile gari kubwa lenye vitanda na jiko, anasema unalala ndani ya gari, unapika mwenyewe, hela ya hoteli inabaki mfukoni. Mke wangu anataka hoteli. Nimepata RV ya futi 30 kwa dola 190 kwa usiku na wenyewe wanataka amana kabla ya Ijumaa. Nilipe?

Dereva_I40
Mkuu, weka nyama. Mko wangapi? Siku ngapi? Hizo dola 190 zina maili ndani yake, au kila maili unailipia? Nyumbani una gari gani? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Binti_Lamu
Kaka, mimi ni wa RV na siyumbi. Sisi tunakula halali, na ukishaiacha Amarillo kuelekea Flagstaff, nyama ya kuaminika huipati kirahisi. Mwaka juzi nilijaza friza ya RV kuku na mbuzi kutoka nyumbani, tukala vyetu siku zote. Wakati wa swala ukiingia tunaegesha, maji ya udhu yapo, mahali pa kuswali papo. Hoteli haikupi hayo barabarani.

Mzigua_Dallas
Samahani wakuu. Tuko saba: mimi, mke, watoto wanne na mama yangu, amekuja kututembelea kutoka Tanga. Siku nane, usiku saba. Maili zinalipiwa pembeni, senti 35 kila moja. Gari letu ni Toyota Sienna, la familia.

Dereva_I40
Sasa tunaongea. Lori nimelipitisha njia hiyo miaka mingi, kwa hiyo fuatana nami.

Dallas hadi South Rim, ukingo wa kusini wa Grand Canyon, ni kama maili 1,060. Kwenda, kurudi na kuzungukazunguka, weka 2,200. Kukodi usiku saba ni 1,330. Maili zako ni 770, na hiyo ndiyo inayowaumiza watu maana hawaioni kwenye tangazo. RV ya ukubwa huo galoni moja inakwenda maili 8 hadi 10, chukua 9, petroli dola 3.20, unapata kama 780. Kambi zenye umeme na maji weka 60 kwa usiku, 420. Jumla 3,300, na bima bado. Uliza kwanza kama bima ya Sienna yako inaigusa RV, nyingi haziigusi.

Hoteli: saba hamuenei chumba kimoja, kwa hiyo vyumba viwili. Kwa 120 kila kimoja, na kodi, usiku saba ni kama 1,900. Petroli ya Sienna 320. Jumla 2,220.

Ukiweka mboga na vyakula vya 400 kwenye RV, inafika 3,700. Tofauti ni 1,480. Igawe kwa siku nane, ni dola 185 kila siku za kulisha watu saba hotelini, na kifungua kinywa kimo kwenye bei hoteli nyingi. Mkila migahawani mchana na usiku mtaikaribia. Mkichukua vyumba vyenye jiko dogo, hoteli inashinda.

Kibokoni
Dereva, hesabu yako imeibeba hoteli. Nani alisema lazima kulala kambi za dola 60? Ardhi ya serikali chini ya BLM, idara ya ardhi za umma, unaegesha bure, sehemu nyingi hadi siku 14. Misitu karibu na Flagstaff nayo ni hivyo hivyo. Na kulala kwenye maegesho ya maduka ya Walmart je?

Dereva_I40
Walmart si zote, siku hizi nyingi zimekataa. Lazima umuulize meneja wa duka husika. Na huko kwenye ardhi ya bure hakuna umeme, kwa hiyo kiyoyozi utakiendesha kwa jenereta, na wenye RV wengi wanatoza jenereta kwa saa. Mwezi wa saba, mama mtu mzima ndani ya bati bila kiyoyozi? Sikubali.

Mswahili_Columbus
Mkuu Mzigua, nisikilize mimi niliyekwisha kupita huko. Tulikodi RV kwa safari ya magharibi, tukiwa watu sita. Siku ya pili, tumeshaipita Tucumcari, mji wa New Mexico, tairi la nyuma likapasuka. Nyuma tairi ni pacha, na lililopasuka ni la ndani, kwa hiyo sikujua mpaka nikasikia vipande vinaupiga ubavu wa gari. Nikatoka barabarani. Jua la New Mexico saa nane mchana. Tukawapigia wenye gari, wakasema fundi anakuja. Tulisubiri saa tano. Jenereta ikawa inajizima kwa joto, watoto tukawa tunawalowesha mataulo. Nyama yote kwenye friji ikaharibika, na ndiyo tuliyokuwa tumeiwekea akiba ya chakula. Fundi alipofika, tairi la akiba hakuna. Usiku tukalala hoteli Santa Rosa, tukalipa hoteli na RV kwa usiku mmoja. Tuliporudisha gari wakakata amana yetu kwa sababu ubavu umekwaruzwa na tairi lao wenyewe. Nilibishana miezi miwili, sikupata hata senti. Picha nilizopiga siku ya kuchukua gari zilikuwa za mbele tu. Ukikodi, piga kila upande, chini, ndani, na tarehe ya kutengenezwa kwa kila tairi.

Binti_Lamu
Pole sana kaka. Lakini hata Sienna hupasua tairi.

Mswahili_Columbus
Sienna nitabadilisha tairi mwenyewe kwa nusu saa, dada.

MamaPacha
Hakuna aliyeuliza umri wa watoto! Kwenye RV nyingi viti vya mezani vina mkanda wa kiunoni tu, na vingine vinatazama pembeni au nyuma. Kiti cha mtoto mdogo hakikai salama hapo. Na mama akichoka asiinuke kwenda kulala kitandani gari likitembea. Mzigua, wa mwisho ana miaka mingapi? Mama magoti yake yakoje? Kupanda zile ngazi mara kumi kwa siku si mchezo.

Mzigua_Dallas
Wa mwisho ana miaka mitatu, na wa kabla yake mitano. Mama magoti yanamsumbua. Lakini yeye ndiye anayeitaka RV kwa sababu chakula cha kununua hakili, anataka ugali wake na maharage.

Kibokoni
Basi mama ameshaamua.

MamaPacha
Mama ameamua chakula, hajaamua gari. Chumba chenye jiko kinampa ugali.

Dereva_I40
Na Mzigua, kambi ya Mather pale South Rim haina umeme wala maji ya kuunganisha, na RV mwisho futi 30. Trailer Village, kambi nyingine hapo hapo, ndiyo yenye umeme. Nafasi za kiangazi huwa zinachukuliwa miezi sita kabla. Umeshapata?

Mzigua_Dallas
Bado. Nilijua unafika tu unaegesha.

Binti_Lamu
Tafuta nafasi miji ya karibu, Williams au Flagstaff, leo hii. Na maharage ya mama, kaka, pale juu ni kama mita 2,100, maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Sisi tulichemsha asubuhi hadi adhuhuri bado magumu. Beba presha kuka.

Mswahili_Columbus
Au ayapike Dallas, ayagandishe.

Mzigua_Dallas
Nimewaomba wenye RV waniongezee siku mpaka Jumatatu. Mama anauliza presha kuka ya umeme inafanya kazi kwa umeme wa kambi au mpaka jenereta?

Binti_Lamu
Ya kambi inatosha, ila zima kiyoyozi kwanza kama umeme ni wa ampia 30.