Natalia Sats na ukumbi wa watoto: nani amchezee mtoto?

Mwalimu wa Kisauni ameuliza:

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Ninasimamia michezo ya kuigiza katika shule moja ya msingi upande wa Kisauni, Mombasa. Kila muhula wa kwanza nguvu zetu zote huelekezwa kwenye mashindano ya drama: watoto hukariri, hushonewa maleba, hupanda jukwaani, na wanaowatazama ni majaji na walimu. Wanafunzi wengine waliobaki madarasani hawaoni kitu, na hata wakibahatika kuyachungulia mazoezi hufukuzwa ili wasiwasumbue wenzao. Jambo hili limenikera kwa muda mrefu.

Hivi karibuni nimekutana na jina la Natalia Sats wa Urusi, anayetajwa kuwa miongoni mwa waelekezi wa mwanzo kabisa duniani kujenga ukumbi wa maonyesho kwa ajili ya watoto. Naomba anayeyajua maisha yake anieleze: waigizaji wake walikuwa watoto au watu wazima? Na ni lipi katika kazi yake linalowezekana kwetu, katika shule ambayo ukumbi wake ni kivuli cha mwarobaini?

Mpenda Maigizo, Tudor:

Waleikum salaam, Mwalimu. Swali lako la kwanza ndilo kiini cha maisha ya mama huyu. Katika kumbi zake walicheza watu wazima walioijua kazi hiyo, na mtoto akaketi upande wa watazamaji, akitumikiwa.

Sats alizaliwa mwaka 1903 mjini Irkutsk, Siberia, akakulia Moscow katikati ya wanamuziki na waigizaji, kwa kuwa baba yake, Ilya Sats, alikuwa mtunzi wa muziki wa Ukumbi wa Sanaa wa Moscow. Baba huyo alifariki mwaka 1912, binti akiwa bado mdogo. Mwaka 1918, akiwa na umri wa miaka 15 tu, alikuwa tayari akifanya kazi katika baraza la mji kushughulikia sanaa za watoto, na mwaka huohuo, mji ukiwa umeshikwa na njaa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, ukafunguliwa ukumbi mdogo wa watoto wenye vikaragosi. Mwaka 1921 akaanzisha Ukumbi wa Watoto wa Moscow, ambao mwaka 1936 ulipewa jengo katikati ya mji, karibu kabisa na Bolshoi, ukumbi mashuhuri wa opera na bale.

Ninaloliheshimu zaidi ni kwamba hakukubali kazi ya watoto ihesabiwe kuwa kazi ndogo. Mwaka 1931, kabla hajafikisha miaka thelathini, alikuwa Berlin akielekeza opera, yaani mchezo wa kuimbwa, ya Falstaff ya Verdi katika ukumbi wa Kroll pamoja na kiongozi wa okestra Otto Klemperer. Mtu wa kiwango hicho angeweza kubaki na maonyesho ya wakubwa na kusifiwa huko, lakini alirudi kwa watoto wake.

Mpiga Fidla, Kibokoni:

Naongeza upande wa muziki, maana hapo ndipo Mwalimu atakapopata kitu cha kushika mkononi. Mwaka 1935 mtunzi Sergei Prokofiev alikuwa akiwaleta wanawe kutazama maonyesho katika ukumbi wa Sats, na kutokana na ujirani huo Sats akamwomba atunge kazi ya kuwajulisha watoto ala za okestra. Matokeo yake ni Petro na Mbwa Mwitu, hadithi inayosimuliwa pamoja na muziki, iliyochezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936.

Kila mhusika ana ala yake: ndege ni filimbi, paka ni klarineti, babu ni fagoti yenye sauti nzito ya kunung'unika, Petro ni fidla na wenzake wa nyuzi, na bata ni oboe. Mbwa mwitu anammeza bata mzimamzima. Mwishoni, wote wakiwa katika maandamano ya ushindi, msimulizi anawaambia watoto kwamba wakitega sikio vizuri watamsikia bata tumboni mwa mbwa mwitu, na kweli oboe inalia kwa mbali. Hakuna aliyemfundisha mtoto kitu kwa ubao na chaki, lakini tangu siku hiyo sauti ile haimpotei.

Sasa, oboe na nzumari yetu ni za ukoo mmoja, kwani zote hupulizwa kwa tete. Mwalimu, tafuta hadithi ya sungura na fisi, mpe sungura kayamba, fisi msondo, na mhusika wa tatu umwekee nzumari. Msimulizi mmoja anatosha.

Mstaafu wa Likoni:

Wanangu, nayakubali yote, ila msimwondoe mtoto jukwaani. Mtoto aliyezoea kusimama mbele ya watu hupata ulimi na moyo, na hilo mashindano yanalifanya vizuri. Kinachokosekana ni ile nusu ya pili, ya mtoto kuketi akachezewa.

Tena maisha ya Sats yaelezwe kwa ukamilifu. Serikali ileile iliyompa jengo mwaka 1936 ilimkamata mwaka 1937, kwa sababu mumewe, Israel Weitzer, aliyekuwa waziri wa biashara, alihesabiwa adui wa umma, na mwaka uliofuata akauawa. Sats alihukumiwa kifungo cha miaka mitano. Alipotoka alikwenda Alma-Ata, Kazakhstan, na huko, bila mume na bila ukumbi aliouasisi, akaanza tena kazi ileile. Mwaka 1945 ukumbi wa watoto na vijana wa Kazakhstan ukafungua milango. Baadaye alirudi Moscow, na mwaka 1965 akafungua ukumbi wa opera kwa watoto. Alifariki mwaka 1993 akiwa na miaka 90.

Mwalimu, watu wazima wa kuigiza unao tayari: walimu wenzako na wazazi wanaokuja kuchukua watoto jioni.

Mwalimu wa Kisauni:

Shukrani nyingi, na shikamoo Mzee wa Likoni. Nimekwisha kuzungumza na walimu wawili, na wamekubali tuanze na darasa la pili, siku ya Ijumaa baada ya vipindi. Kayamba na msondo tunavyo shuleni. Ninachohitaji sasa ni mpiga nzumari mwenye subira na watoto, wa Mji wa Kale au hata ng'ambo ya feri. Mwenye kumjua mmoja, tafadhali amwulize kama yuko tayari.