Democrats au Republicans: nani alipitisha Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964?

Mchokonozi:
Wakuu, kuna jamaa kanibana. Anasema Republicans ndio waliowatetea Wamarekani weusi, wabaguzi walikuwa Democrats. Anatoa na hesabu: Seneti, Juni 1964, kwenye kura ya sheria hii ya kupiga marufuku ubaguzi, Republicans 27 kati ya 33 walisema ndiyo, Democrats 21 wakasema hapana. Sasa mbona weusi wengi wanaipigia kura Democratic?

Mzee wa Makabrasha:
Hesabu yake ni sahihi, ila kagawa kwa chama badala ya ramani. Zile hapana 21 za Democrats, 20 zilitoka majimbo 11 ya Kusini yaliyojitenga enzi za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Ya 21 ni ya Robert Byrd wa West Virginia, aliyehutubia zaidi ya saa 14, usiku kucha, kuuchelewesha muswada. Majimbo hayo 11 yalikuwa na seneta mmoja tu wa Republican, John Tower wa Texas. Naye alikataa!

Kalamu Nyeusi:
Mzee, usimpite Everett Dirksen, kiongozi wa Republicans katika Seneti. Kufunga mjadala kulihitaji kura 67, na Democrats peke yao wasingefika. Yeye ndiye aliyewaleta Republicans wenzake. Zikapatikana 71.

Mzee wa Makabrasha:
Simpiti, heshima yake anayo. Siku hiyohiyo Clair Engle, Democrat wa California, aliingizwa ukumbini kwa kiti cha magurudumu, uvimbe wa ubongo umeshamnyima sauti. Jina lake liliposomwa akanyanyua mkono kwa taabu hadi kwenye jicho: kwa Kiingereza "eye" (jicho) hutamkwa sawa na "aye" (ndiyo). Ikaandikwa ndiyo. Mwezi uliofuata akafariki.

Mchokonozi:
Na marais je?

Mzee wa Makabrasha:
Hapo ndipo vyama vinapochanganya watu. Truman, Democrat, aliamuru mwaka 1948 ubaguzi ukome jeshini. Mwaka huohuo Democrats wa Kusini walimsimamishia Strom Thurmond kugombea urais dhidi yake, akachukua majimbo manne. Eisenhower, Republican, alipeleka wanajeshi Little Rock mwaka 1957 ili wanafunzi tisa weusi waingie shuleni, lakini hukumu ya 1954 dhidi ya shule za ubaguzi hakuitetea hadharani. Kwangu mimi alilinda amri ya mahakama kuliko watoto wale. Kennedy, Democrat, alijivuta hadi Juni 1963, baada ya waandamanaji weusi wa Birmingham kushambuliwa kwa mbwa na mipira ya maji. Mgumu kumpima ni Johnson, Democrat aliyempokea Kennedy: alipokuwa mbunge wa Texas alipinga miswada ya haki za kiraia mwaka baada ya mwaka, na ndiye aliyekuja kuisukuma hii mpaka ikapita.

Jamaa yako muulize kuhusu Barry Goldwater. Ni mmoja wa wale Republicans sita waliosema hapana, na mwaka uleule chama kikamfanya mgombea urais. Akashinda Arizona kwao, pamoja na Mississippi, Alabama, Georgia, Louisiana na South Carolina, ngome za Democrats kwa miaka mingi. Thurmond hakungoja hata uchaguzi. Septemba alishahamia Republican.