PS4 au PS5: kwa sisi wa Mtwara na Lindi, je, wakati wa kuhama umefika?

MwanaMikindani (mwanzisha mada)

Ndugu wanachama, habari za jioni. Malipo ya korosho yameanza kuingia na, kama ilivyo kila msimu, wenye PS4 (mashine ya gemu ya PlayStation 4) wanauliza iwapo waongeze fedha wachukue PS5 au wabaki na walichonacho. Msimamo wangu ni kwamba wahame, lakini wahamie kwenye PS5 yenye sehemu ya CD.

Anayehama safari hii hapotezi alichokwisha kununua. Tulipotoka PS3 kwenda PS4 tulianza upya, kwa sababu PS4 haikusoma CD za mtangulizi wake hata moja. PS5 inacheza karibu gemu zote za PS4, ambazo ni zaidi ya 4,000, na CD unayoichezea leo nyumbani Chikongola ndiyo utakayoitia kesho kwenye mashine mpya. Gemu za PS4 ulizozihifadhi kwenye diski ya nje unazichomeka na kuendelea kucheza, bila kuteketeza bando kwa kuzipakua tena.

Wapo wanaosubiri bei ishuke, na ninaelewa wanakotoka, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea. PS4 ilitoka Novemba 2013 kwa dola 399 nchini Marekani, na mwaka 2016 toleo lake jembamba likauzwa dola 299. PS5 imekwenda kinyume: ile yenye CD ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499, na Agosti 2025 huko huko Marekani ikapandishwa hadi karibu dola 550. Huku kusini tunaongeza juu yake gharama ya kusafirisha mzigo kutoka Dar es Salaam, kwa hiyo anayesubiri asitegemee kupata nafuu kama ile ya zamani.

Kisha kuna gemu zenyewe. Marvel's Spider-Man 2 ya mwaka 2023 haikutolewa kwa PS4, na Grand Theft Auto VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series X na S tu.

Fremu ya Masasi

Mkuu, nimekusoma kwa makini, lakini hoja zako ni za mtu anayechezea sebuleni. Mimi nina fremu ya gemu, na vijana wanaokuja kwangu wanataka mpira tu. EA Sports FC bado inatolewa kwa PS4, na mteja analipa kwa mechi, halipi kwa ubora wa picha. Zaidi ya hapo, pedi za PS4 hazikubali gemu za PS5. Zinafanya kazi pale unapocheza gemu za PS4 ndani ya PS5, basi. Kwa hiyo kila mashine mpya inanidai pedi ya pili, na pedi kwa wateja wangu ndicho kitu cha kwanza kuharibika. Ninaona afadhali niziwekee PS4 zangu SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka, kisha nisubiri.

Fundi wa Ligula

Wakuu, naomba niongeze yale ninayokutana nayo mezani.

Hoja ya SSD ni ya kweli. PS4 inakuja na diski ya kuzunguka, na inaruhusu kuibadilisha kwa diski ya kawaida ya inchi 2.5, unahamisha kwanza maendeleo ya gemu kwenye flashi, unafunga SSD, kisha unapakia programu ya mfumo upya. Gemu zitafunguka haraka zaidi, lakini msitarajie kasi ya PS5, ambayo SSD yake husoma takriban GB 5.5 kwa sekunde.

Kuhusu umeme, PS5 ikicheza gemu zake nzito hutumia kama wati 200, yaani saa kumi zinakula uniti mbili za LUKU kabla ya kuhesabu televisheni, ilhali PS4 nyembamba hutumia chini ya wati 100. Mwenye fremu ana haki ya kulipiga hesabu hilo. Umeme ukiwa unakatika na kurudi kwa kishindo, stebilaiza au UPS inunuliwe siku moja na mashine. Kwa walio karibu na bahari, Shangani na Mikindani, chumvi ya hewa hula chuma polepole: nimefungua mashine ambazo kwa nje zinang'aa, huku skrubu za ndani na kingo za tundu la HDMI, la waya wa televisheni, zimeshageuka rangi ya kahawia. Mnaponunua iliyotumika, ombeni kuona tundu hilo kwa tochi, na mjaribu kuingia mtandaoni papo hapo, maana iliyofungiwa au kuchakachuliwa hujulikana hapo.

Mama Wawili, Lindi

Samahani ndugu zangu, nauliza kwa niaba ya wanangu. Dukani nimeonyeshwa PS5 isiyo na sehemu ya CD, na bei yake ni ya chini. Kuna ubaya gani nikiichukua?

MwanaMikindani

Dada yangu, usiichukue kwa sababu ya bei pekee. Isiyo na sehemu ya CD inategemea duka la mtandaoni, na Tanzania haimo katika nchi za PlayStation Store, hivyo watu hufungua akaunti za nchi nyingine, ambazo nchi yake haibadilishiki baadaye. Gemu moja kubwa inaweza kupita GB 100 za kupakua. Wanao wakiwa na CD, wanaweza kuazimana na wenzao na hata kuiuza wakiichoka. Matoleo yaliyoanza Novemba 2023 yanaruhusu kuongeza kisomeo cha CD baadaye, lakini nacho kinanunuliwa kando na kinahitaji intaneti mara ya kwanza kinapofungwa. PS5 Pro, toleo lenye nguvu zaidi, nayo haiji na kisomeo. Kwa televisheni isiyo ya 4K (ya picha kali zaidi), sioni sababu ya kuilipia.

Ndugu wa Masasi, hesabu yako naiheshimu, na SSD itakusaidia kwa sasa. Nakuomba tu uangalie mambo mawili. Mchezaji wa FC aliye kwenye PS4 hakutani mtandaoni na aliye kwenye PS5, kwa hiyo vijana wenye PS5 nyumbani watakapotaka kucheza na wenzao hawatakuja kwako. Na kwa kuwa unauza mechi, muda wa kusubiri gemu ifunguke ni muda ambao kiti kimekaa bila kulipiwa. Anza na mashine moja, na pedi zake mbili.

Fremu ya Masasi

Hilo la kiti sikuwa nimelipima. Fundi, nikileta PS4 mbili Ligula wiki ijayo kwa ajili ya SSD, niziache kwa muda gani?

Fundi wa Ligula

Zilete asubuhi na flashi yako, jioni unaondoka nazo. PS5 ukiinunua, ije na stebilaiza yake.