Kidumbak, Wagogo wa zeze au mchekeshaji wa kinanda? Hela inatosha mmoja tu

Mtoto wa Ilala
Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo maana huku kwetu tumeshashindwana.

Tuko marafiki sita, tunajuana tangu shule. Kila mwisho wa mwezi tunakutana kwa mmoja wetu, tunakula, halafu kila mtu anawasikilizisha wenzake nyimbo mbili. Sharti ni moja tu, usilete kitu kinachopigwa redioni wiki hiyo. Ilianza kama masihara, sasa inatimiza miaka kumi. Mmoja wetu ni wa Unguja, yeye kidumbak tu, ule muziki wa kwao wa kucheza. Mwingine Mgogo, anatuletea zeze na ilimba (ile ya vyuma vya kubofya kwa vidole gumba) mpaka tumezoea. Wa tatu yeye hana habari na asili wala nini, anapenda wale jamaa wanaokaa na kinanda wanageuza maneno ya nyimbo za watu mpaka mbavu zinauma. Sisi watatu tuliobaki tunakula kila kinachopakuliwa.

Sasa kwa hii miaka kumi tumeamua kuchanga tuite watu wapige laivu. Mmoja tu ndo tunamuweza. Tumuite nani? Nawasilisha.

Kiroboto77
Bajeti shilingi ngapi? Wapi? Lini? Watu wangapi? Wake zenu watakuwepo au ni nyinyi na mapumbu yenu? Kuna spika au kikundi kije nazo? Mkuu unaandika kama vile tunalala chumba kimoja.

BintiMakunduchi
Kidumbak, na uzi ufungwe 😄

Nasema kweli lakini. Nyie wa bara mkisikia Zanzibar mnadhani ni taarab ya kukaa kwenye viti na kujipepea. Kidumbak ni nyimbo zile zile za taarab zimevuliwa koti. Fidla moja, vingoma viwili vidogo, mkwasa wa vijiti vya kugonganisha, cherewa za kutikisa, na sanduku. Hilo sanduku ni sanduku kweli, la chai, limetiwa mti na kamba, mtu anaivuta kamba inatoa besi mpaka kifua kinatikisika. Hapo hakuna kukaa. Na maneno wanayoyatupia hapo katikati ni vijembe vitupu, mwimbaji anamuona mtu kavaa vibaya anamuingiza kwenye wimbo hapo hapo. Kwa hiyo huyo rafiki yenu wa vichekesho naye anapata chake. Umekata matatizo mawili kwa panga moja.

Mtoto wa Ilala
Asanteni. Ni hapa Dar. Bajeti ya kawaida tu. Watu si wengi.

Kiroboto77
"Bajeti ya kawaida." Haya.

Wa Chamwino
Mimi ni Mgogo kwa hiyo sijifichi, najua nitaambiwa nauza cha kwetu. Lakini swali umeliuliza vibaya mkuu. Muulize mwenzio kama mnataka kucheza au mnataka kusikiliza. Kidumbak ni ya kucheza, BintiMakunduchi kasema mwenyewe. Sisi tukishika zeze na ilimba ni vitu vya kukaa karibu na mpigaji, usikie na ule mlio wa pembeni unaokwaruza. Watu sita wanaokaa chini kusikilizana nyimbo kwa miaka kumi, hao ni wa kusikiliza.

Marehemu Hukwe Zawose alivyokuwa anaimba, sauti inatoka nzito halafu inapanda mpaka unageuka kutafuta nani mwingine kaingia. Huyo mzee katoka Dodoma mpaka Bagamoyo, akaenda mpaka Ulaya, na hakuwahi kuhitaji dansa. Na mkitaka kelele basi ombeni akina mama wa muheme, wanabana ngoma katikati ya mapaja na kupiga, hapo ndo mtajua Wagogo siyo watu wapole. Ila siyo sebuleni tafadhali.

Mjukuu wa Mshenga
Mimi nakuja na onyo tu kuhusu namba tatu. Naomba mnivumilie ni ndefu.

Mwaka juzi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya sendofu ya dada yangu, na mimi ndo niliyetoa wazo la kumuita mchekeshaji wa nyimbo badala ya emsii wa kawaida, nilikuwa nimemuona kwenye simu nikacheka usiku mzima nikasema huyu huyu. Tukaongea bei, akataka nusu kabla, nikatuma. Siku mbili kabla akanipigia akasema kaka nipe majina matano ya watu wa familia na kitu kimoja kimoja cha kuwatania, hiyo ndo siri ya kazi. Mimi kwa akili yangu nikampa. Baba mdogo ana kipara na hapendi kulipa madeni. Shangazi anasinzia kanisani. Rafiki yangu fulani kaachwa mara tatu. Na upande wa bwana harusi nikampa jina la mjomba wao kwa sababu ndo pekee niliyekuwa namjua, nikasema huyu anaongea sana, basi, hicho tu.

Siku yenyewe akaanza vizuri, wimbo wa shangazi watu wakalala chini kwa kicheko, shangazi mwenyewe akaja kumtunza. Wa baba mdogo pia ukapita, alinuna kidogo. Halafu akachukua pambio la kanisani ambalo kila mtu analijua, akaligeuza maneno, akaanza kumuimba mjomba wa watu. Anaongea sana, sawa. Akaongeza lake kwamba anaongea sana ili asiulizwe mahari imefika ngapi. Hiyo sikumpa mimi! Alibuni pale pale. Na mahari kweli ilikuwa haijaisha, wale wazee walikuwa wameomba wamalizie baadaye na ilikuwa siri ya watu wanne.

Ukumbi ukakaa kimya, unasikia feni. Yule jamaa akadhani hawajaelewa, AKARUDIA KIITIKIO. Mjomba akasimama taratibu, akavaa kofia yake, na nusu ya meza yao ikasimama naye. Chakula walikuwa hawajala. Ilibidi twende kwao wiki iliyofuata na beberu na maneno matamu, mimi nikiwa mbele kwa sababu ndo mwenye wazo. Mpaka leo dada yangu akitaka kunimaliza ananiimbia kile kiitikio.

Nilichojifunza ni kwamba utani una wenyewe. Mnyamwezi akimwambia Mzaramo maneno msibani hakuna anayekasirika kwa sababu ni watani tangu enzi. Wale wakwe walikuwa si watani wetu, na yeye ndo kabisa si mtani wa mtu yeyote pale, ni mtu tumemlipa.

mama_wawili
AKARUDIA KIITIKIO 🤣🤣🤣 nimemwaga chai

Kiroboto77
Pole mkuu lakini beberu ulistahili.

Mzee wa Kona
Nyie vijana mnatenganisha vitu ambavyo sisi tulivipata kwa kiingilio kimoja. Miaka ya tisini ulikuwa unakwenda kuangalia Muungano Cultural Troupe au TOT (Tanzania One Theatre), vikundi vya hapa Dar, unakaa hapo unaanza kuonyeshwa ngoma, inakuja sarakasi, vinakuja vichekesho, igizo, halafu taarab mpaka usiku mwingi. Na ile taarab ndiyo ilikuwa kichekesho chenyewe. Khadija Kopa yupo TOT, Nasma Khamis yupo Muungano, huyu akitoa wimbo wa kumpasha mwenzake wiki ijayo anajibiwa. Watu walikuwa wana upande kama Simba na Yanga. Kina mama wananyanyuka na noti, anapita mbele ya adui yake anayemjua yeye, anamtunza mwimbaji pale kwenye ule mstari unaomhusu jirani. Hapo mchekeshaji wa kinanda anaingilia wapi?

BintiMakunduchi
Mzee wa Kona nakuheshimu ila mipasho ya Dar usiiite taarab mbele yangu, tutakosana.

Mzee wa Kona
Tukosane mwanangu. Ni taarab.

daktari wa vinanda
Tukishaingia huko basi taarab yenyewe hata siyo muziki wa asili, kwa hiyo kidumbak nayo inatoka kwenye shindano. Taarab ilikuja Zanzibar kutoka Misri enzi za sultani Seyyid Barghash, ilikuwa ya ikulu na ikiimbwa Kiarabu. Muanzisha uzi kasema asili.

BintiMakunduchi
Kasema asili wapi? Kasema rafiki yake hana habari na asili. Soma.

Na hiyo hadithi ya Barghash umeishia njiani makusudi. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, ndiye aliyeichukua akaiimba Kiswahili kwa watu wa mitaa ya Ng'ambo hapo hapo mjini Unguja, akaenda mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi. Akaimba mambo ya mahakamani, ya wanawake kuonewa, mambo ya mtaani. Kitu kikishaingia mtaani kikalala huko miaka karibu mia bado mnakidai pasipoti? Embe nalo lilitoka nje.

daktari wa vinanda
Embe halina fidla.

Wa Chamwino
Hata zeze kuna watu wanasema jina lake limetoka mbali, hatufiki mwisho hapa. Turudi kwa muanzisha uzi.

Kisumu Ndogo
Majirani salamu kutoka Kenya. Nimesoma yote na sijaona mtu amesema ohangla, ngoma ya Wajaluo. Kama mnataka asili na kucheka pamoja, hiyo ndiyo. Mwimbaji wake Tony Nyadundo akianza kutaja majina ya watu walioko hapo ndani, hata aliyekuja na huzuni anasimama. Ama mchukue mtu wa mugithi, zile nyimbo za Wakikuyu, ni gitaa moja tu na mtu mmoja, gharama chini, na kwa yale maneno wanaingiza usiku ukienda sana mama mkwe asiwe karibu. Sisi kwa kundi letu tuko na Mluhya mmoja yeye ni isukuti tu, ngoma ya kwao, hiyo hata UNESCO waliiweka kwa orodha mwaka 2014 eti iko hatarini kupotea, na huyo jamaa kila tukikutana anatukumbusha kama ni kosa letu.

mama_wawili
Hahaha kila kundi lina huyo mtu mmoja

Kiroboto77
Karibu jirani, ila ohangla kutoka Kisumu mpaka Dar nauli nani analipa? Tena tukirudi kwenye nauli, MTOTO WA ILALA BAJETI.

Mtoto wa Ilala
Samahanini wakuu nilikuwa kazini. Bajeti laki tano. Ni kwangu, ghorofa ya tatu, nyumba ya kupanga, mwenye nyumba anakaa chini. Watu tukijumlisha familia labda ishirini na tano, watoto wapo. Na mama mkwe wangu yupo kwa matibabu mpaka mwezi ujao kwa hiyo atakuwepo.

Kiroboto77
Siku tatu. Siku TATU tunabishana habari za Misri na Bombay, kumbe kuna mama mkwe mgonjwa na mwenye nyumba chini.

Mjukuu wa Mshenga
Mkuu usimuite mchekeshaji. Nakuomba kama ndugu yako.

BintiMakunduchi
Laki tano kuwatoa watu Unguja na boti, kula na kulala, haitoshi, nisikudanganye. Ila Dar humu humu wapo Wazanzibari wanaopiga kwenye maharusi yao, ukimpata mpiga fidla mmoja mzuri hao wengine anawajua yeye. Tatizo langu ni sanduku. Lile likiwekwa sakafuni ghorofa ya tatu, anayekaa chini yako atadhani nyumba inashuka. Sema mwenye nyumba naye aalikwe, hiyo ndo dawa, akila pilau yako atasema nini?

Wa Chamwino
Ndo maana nikasema zeze. Watu wawili watatu, hawahitaji spika, hawahitaji umeme, mama mkwe anakaa karibu anapumzika. Laki tano inatosha na ya nauli inabaki.

Mzee wa Kona
Watoto watalala.

Wa Chamwino
Watoto kulala ni tatizo?

daktari wa vinanda
Mimi ningeshika hiyo laki tano nikaiweka, February mkavuka kwenda tamasha la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, Unguja. Kwa usiku mmoja mnapata ladha zote.

mama_wawili
Watu sita na familia zao, boti, hoteli ya mwezi wa pili Unguja, kwa laki tano. Daktari unaishi mwaka gani?

Mtoto wa Ilala
Jana tumekutana nikawasomea yote humu. Wa Unguja kasimama na BintiMakunduchi, Mgogo kapiga magoti anashukuru. Yule wa vichekesho nilimsomea kisa cha beberu, akacheka mpaka akalia, akasema sasa ndo kabisa anamtaka mchekeshaji, tena huyo huyo, na asipoitwa hachangi. Na mchango wake ni laki moja na nusu maana ndo mwenye uwezo. Kwa hiyo bajeti nayo sijui.

Mjukuu wa Mshenga
Namba yake ninayo ila sikupi.

Kisumu Ndogo
Nipee mimi inbox, tuko na harusi Desemba na kuna mjomba tunataka aende mapema.

mama_wawili
Wa Chamwino samahani natoka nje ya mada, ule mlio wa kukwaruza kwenye ilimba unatokana na nini? Mwanangu anayo ndogo tulinunua Bagamoyo, ikawa inalia vizuri sasa imekuwa kavu.

Wa Chamwino
Angalia kwenye ubao kuna kitundu. Kile huwa kinazibwa na utando wa buibui, ule mweupe mzito kama karatasi anaotagia mayai. Ndo unaotetemeka. Utakuwa umetoboka au mtoto kaung'oa. Tafuta mwingine ubandike taratibu, usitumie gundi ya viatu.

mama_wawili
Nautoa wapi mjini huku

Kiroboto77
Njoo kwangu, stoo nzima ni buibui. Leta ndoo.